Mitandao ya afya Pemba ipewe kauli, si kazi tu

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na kati yao 543,441 wako Pemba. Zaidi ya robo ya wananchi, basi, wanaishi kisiwa ambacho Hospitali ya Mnazi Mmoja, ile kuu ya rufaa, iko ng'ambo ya maji, Unguja. Mgonjwa wa Micheweni akiandikiwa kwenda huko huanza kwa gari hadi bandarini, kisha boti, na hendi peke yake. Lazima awepo wa kumuuguza, na huyo naye ana nauli yake, chakula chake na pa kulala. Mzee Karume alitangaza matibabu bure baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini kuyafikia hakujawahi kuwa bure kwa mtu wa Pemba.

Na Pemba yenyewe haiko sawa. Anayeishi Chake Chake mjini na anayeishi Kojani, Fundo, Makoongwe au Kisiwa Panza hawaugui kwa gharama moja. Mama akishikwa na uchungu usiku kwenye visiwa hivyo, jambo la kwanza ni chombo na nahodha, na maji yakiwa yamekupwa, hata chombo kikipatikana ni kungoja.

Hapo ndipo wazo la mitandao ya jumuiya linapopata watetezi: vikundi vya wanawake, wavuvi, watu wenye ulemavu, wanaoishi na VVU, kamati za afya za shehia (ngazi ya mtaa au kijiji), walimu wa skuli na madrasa, wote wakae pamoja na Wizara ya Afya na wakubaliane lipi lianze. Miavuli ya asasi ipo tayari, ANGOZA kwa Zanzibar nzima na PACSO kwa Pemba. Kinachobishaniwa ni kama mitandao ya namna hii inapunguza tofauti za afya kweli, au inaongeza vikao tu.

Wanaotia shaka wana hoja nzito, na anayewapuuza hajaiangalia historia ya malaria. Dawa mseto ziliingia Zanzibar mwaka 2003. Mwaka 2006 vikafuata vyandarua vyenye dawa na upuliziaji majumbani, na ndani ya miaka michache maambukizi yakashuka chini ya asilimia 1. Ushindi huo ulitokana na programu ya Serikali, wataalamu wake, na fedha za nje, zikiwemo za Mfuko wa Dunia na za Marekani. Masheha walisaidia milango ifunguliwe, ila uamuzi ulitoka juu. Mtoto wa kisiwa cha Tumbatu alilala ndani ya chandarua kama mtoto wa Mkunazini mjini kwa sababu vyandarua vilinunuliwa vya kutosha vikagawiwa.

Kichocho kinawapa hoja ya pili. Kuanzia 2011 ulifanyika utafiti mkubwa katika shehia 90, Unguja 45 na Pemba 45, zikagawanywa makundi matatu. Zote zilipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Kundi moja likaongezewa kuuliwa konokono wanaoeneza kichocho mitoni na mabwawani. Jengine likaongezewa shughuli za kubadili tabia zilizobuniwa na wanajamii wenyewe pamoja na watafiti: masomo skuli, michezo isiyowapeleka watoto mtoni, vyoo vya kukojolea, majukwaa ya kufulia. Baada ya miaka mitano kichocho kilikuwa kimepungua sana, lakini kwa jumla nyongeza hizo hazikuonesha tofauti kubwa juu ya ile iliyoletwa na dawa. Anayesema "nunueni dawa, acheni vikao" ana ushahidi mkononi.

Mimi matokeo hayo nayasoma hivi: dawa ilifanya kazi yake, kisha ikafika mwisho wa uwezo wake. Kichocho kimebakia katika baadhi ya shehia, hasa kaskazini ya Pemba, na kimebakia kwa sababu isiyo ya kidaktari. Msichana anameza dawa asubuhi, jioni anarudi kufua mto ule ule kwa kuwa mfereji wa kijijini hautoi maji. Maji hayako mikononi mwa Wizara ya Afya. Yako kwa ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar. Ratiba ya skuli iko Wizara ya Elimu, na daraja au njia ya kupita pembeni ya mto ni kazi ya halmashauri. Tofauti za afya zilizobakia Pemba zimejificha pale ambapo ofisi hizi hazikutani, na hakuna dawa ya kuzikutanisha. Anayejua mfereji upi haujatoa maji tangu mwezi wa Ramadhani ni yule anayefua mtoni.

Wapo pia watu ambao mpango mzuri kabisa huwapita. Wavuvi wa Kojani huenda dago, wakapiga kambi mbali na kwao kwa wiki na miezi. Siku ya kumeza dawa ikifika, wao wako bahari nyingine. Msimu wa karafuu nao huhamisha watu kwenda makambini mashambani, watoto wakiwemo. Anayepanga kalenda ya kampeni akiwa ofisini mjini anaweza kuwa na nia njema na dawa za kutosha, bado akazikuta nyumba tupu. Kikundi cha wavuvi kingemwambia hilo kwa dakika moja, laiti angewauliza kabla ya kuchapisha ratiba.

Tukio la Kisiwa Panza ndilo linalonielemea zaidi. Novemba 2021 watu saba walikufa Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024 likarudi, safari hii Panza: watu tisa walikufa, wanane kati yao watoto, na wengine 78 wakafikishwa hospitali. Nyama ya kasa ni kitoweo kinachopendwa na kugawiwa, nyumba hii inampelekea jirani, jirani anampelekea mkwe, kwa hiyo kasa mmoja mwenye sumu anaingia sufuria nyingi kwa mchana mmoja. Onyo la redio halishindani na sahani iliyoletwa na shangazi. Linaloweza kushindana nayo ni neno la nahodha mzee anayeheshimiwa, la mwalimu wa madrasa, la mama aliyefiwa. Sioni namna ya kuwapata watu hao bila kuwashirikisha tangu mwanzo.

Lakini watetezi wa mitandao nao wajibu swali la nani anafanya kazi na nani analipwa. Programu ya Jamii ni Afya imeweka simu mikononi mwa watu zaidi ya 2,000 wanaojitolea, wanaopita nyumba kwa nyumba kufuatilia waja wazito na watoto wachanga. Ni kazi ya maana sana. Ila shehia iliyo mbali zaidi na hospitali ndiyo inayomtegemea zaidi mtu wa kujitolea, na mara nyingi naye ni maskini kama wale anaowatembelea, ana mwani wake wa kuvuna na watoto wake wa kulisha. Usawa wa afya ukijengwa kwa jasho lisilolipwa la maskini, mzigo umehamishwa tu.

Kuna na hatari ya mitandao kutekwa na wanaojua kuandika maombi ya fedha kwa Kiingereza, mtu wa Panza akaitwa siku ya kupiga picha. Tena fedha zenyewe haziaminiki. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, kila aliyekuwa akiishi kwa mradi alijua anakalia nini. Mtandao unaosimama kwa posho ya mfadhili huanguka siku posho inapokatwa.

Kwa hiyo nasimama hapa: dawa, wakunga, boti ya wagonjwa na mishahara ni wajibu wa Serikali, na jumuiya zisikubali kuubeba kwa jina la ushirikishwaji. Kazi yao ni kauli. Zanzibar imejengewa hospitali 10 za wilaya katika miaka hii ya karibuni, na wanaozitumia ndio wanaojua usiku gani mkunga hakuwepo. Mfuko wa Huduma za Afya uliundwa 2023 ukaanza na watumishi wenye mishahara. Mvuvi na mkulima wa mwani wana haki ya kuuliza wataingizwaje, kwa mchango gani, na asiyenacho atafanywaje. Maswali hayo hayajibiwi kwenye semina ya siku moja hotelini.

Takwimu za kuanzia zipo, zimo kwenye simu za wale wanaojitolea, nyumba kwa nyumba. Wizara izisome hadharani katika kila shehia, mbele ya wananchi waliozitoa, wapange wao kipi kitangulie. Mpangilio huo uandikwe na kutiwa saini na Daktari Dhamana wa Wilaya, na umfikie mwakilishi wa jimbo kabla bajeti ya afya haijapelekwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi.