Bisibisi Mkononi

Nilipoinunua ile laptopu ya kubadilishwa vipande, nilitangaza nyumbani kwamba fundi hatakula tena hela yangu. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, inachomoka; SSD, ghala la mafaili, inachomoka; bisibisi imo ndani ya boksi. Nini tena?

Mtihani wa kwanza niliufeli kabla sijafungua chochote. Niliagiza RAM ya kizazi cha DDR4, kumbe mashine inataka kizazi kipya zaidi, DDR5. Ukizitazama ni mapacha: moja ina pini 260, nyingine 262, na nani anakaa kuhesabu pini? Kinachozitofautisha ni kipengo cha ukingoni, na kipengo hicho hakihongeki. Nilisukuma, nikabembeleza, nikageuza. Wapi!

Baadaye nikaja na vijiti viwili vya DDR5, gigabaiti 16 kila kimoja. Vikaingia kwa mshazari, nikavibonyeza, vikalia tak! Nikapachika na SSD mpya, ile nyembamba ya milimita 22 kwa 80, ndipo skrubu yake, ndogo kama punje ya mtama, ikapotea. Bila skrubu SSD hailali, inainua kichwa kama kenge anayeota jua. Nilitambaa sakafuni nusu saa nzima. Skrubu ilikuwa imenasa kwenye ncha ya bisibisi niliyoishika. Bisibisi ina sumaku, bwana.

Nikawasha. Taa ipo, kioo giza. Nikazima, nikachomoa vijiti, nikavipangusa, nikavirudisha. Giza. Nikakumbuka mafundi husema ujaribu kimoja kimoja. Nikatoa kimoja, nikawasha. Giza lile lile. Jasho likanitoka, nikaanza kutunga maneno ya kumweleza mke wangu.

Mpwa wangu akapita.

“Mjomba, umesubiri?”

“Sana!”

“Dakika ngapi?”

Nikanyamaza. Kumbe DDR5 ikiwa mpya, mashine inaweza kukaa dakika kadhaa kioo kikiwa giza, inaipima kimyakimya hadi waelewane. Mimi kila wakikaribia kuelewana, nazima.

“Basi mjomba, weka mikono mezani tungoje.”

Tukangoja. Kioo kilipowaka niliruka kama niliyefunga bao.

“Lakini inasoma 16, si 32,” akasema.

Hapo nilimvaa muuzaji bila yeye kuwepo. Tapeli! Kaniuzia kijiti kibovu! Kesho atanitambua!

Mpwa wangu hakunijibu. Alikuwa anautazama mfuko wa shati langu.