Macho Matatu, Linaloona Moja

Jumanne bodaboda kaniambia kutoka Manzese Darajani mpaka Sinza Mori ni elfu tano. Elfu tano! Njia hiyo naijua tangu vijana hawa hawajaota ndevu. Ni elfu mbili, na ukimkuta hajapata abiria tangu asubuhi, buku jero unapanda. Nikamuuliza, mdogo wangu, mafuta yamepanda leo? Hakunijibu kwa mdomo kwanza. Alishusha macho taratibu mpaka mkononi kwangu, akayapandisha tena, ndipo akasema, "Bosi, kwa simu hiyo kweli tubishanie elfu tatu?"

Nikaenda kwa miguu. Simu nikaitia kwenye soksi.

Hiyo simu nimeinunua baada ya ile ya zamani kutumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Tuliifukia kwenye mchele siku mbili kama watu wanavyoshauri, ikafa vilevile, mchele tukaula. Nikaenda Kariakoo, kule Aggrey na Likoma, ambako hata hujaamua unaingia duka gani winga ameshakushika mkono. "Anko, njoo, bei ya jumla." Akanitolea mbili. Kampuni ileile, betri ileile ya mAh 5,000, kioo kilekile, hata chaja ni pacha. Moja ina mgongo wa kawaida, 210,000. Nyingine ubavu umenyooka kama rula, na mgongoni ina macho matatu yamekaa kama mafiga. 235,000. Nikauliza tofauti ni nini. Winga akanitazama kwa huruma, kama daktari anayeulizwa swali na mgonjwa.

"Anko. Muonekano."

Nikalipa muonekano. Elfu ishirini na tano ya muonekano, ambayo kwangu mimi ni funguo kumi na mbili na ya kumi na tatu nusu. Kazi yangu ni kurekebisha vitasa na kuchonga funguo. Yaani kunakili ndiko kunakonilishia watoto, kwa hiyo sina ugomvi na mtu anayenakili. Unaniletea ufunguo wako, naubana upande huu, mbichi naubana upande ule, mashine inafuata meno, nasafisha kwa tupa, elfu mbili, kwaheri. Lakini kazi yetu ina mtihani mmoja tu, nao uko nyumbani kwako: mlango ufunguke. Aliyechonga simu hii amenakili kishikio cha ufunguo vizuri sana, na tundu la kupitishia kamba pia. Meno ameyaacha.

Na kabla hamjanirukia, simu si feki. Feki nazijua, zimeshaniunguza. Mwaka 2016 nilikuwa na moja ya jina kubwa, ila jina lenyewe ukilisoma vizuri lilikuwa na herufi moja ya ziada. Usiku wa Juni 16 TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, ikazizima simu bandia nchi nzima, asubuhi nikaamka nina kioo cha kunyolea ndevu. Tangu siku hiyo hata ukinipa simu ya zawadi nabonyeza kwanza *#06#, nazichukua zile tarakimu 15 za kuitambulisha simu, nazituma 15090, nasubiri jibu lije na jina la simu niliyoishika. Winga alikasirika kidogo nilipofanya hivyo mbele ya wateja wake. Jibu likaja, kila kitu sawa, simu ina jina lake na kampuni yake. Ni mtu mwenye cheti chake halali cha kuzaliwa, ila kavaa kanzu ya jirani.

Jirani mwenyewe ni iPhone 15 Pro Max, ile iliyotoka 2023 kwa dola 1,199 huko kwao Marekani. Ubavu wa ile ni titani. Kwenye boksi la kwangu nako imeandikwa "Titanium", nikafurahi, kumbe wanataja rangi. Mimi kutwa nzima nashika shaba na chuma, siwezi kudanganywa na ubavu. Ukiigonga kwa ukucha inalia kama kopo la siagi lililokwisha.

Haya, macho. Jicho la kwanza ni kamera ya kweli, megapikseli 50, na mchana wa jua kali sina neno nalo, binti yangu alitoka mzuri mpaka bibi yake akaomba picha ya kubandika ukutani. Usiku sote tunatoka kama tumepigwa picha ndani ya moshi wa mkaa. Jicho la pili ndilo lililoninyima usingizi. Nilisoma ile karatasi iliyokunjwa mara nane chini ya boksi, nikaazima miwani ya shemeji, nikasoma tena: megapikseli 0.08. Nikadhani mchapaji alikuwa anasinzia. Sifuri nukta sifuri nane! Ni nukta 320 kwa 240, picha ambayo hata kuku ukimpiga utabishana na mtu kama ni kuku au mfuko wa rambo. Nikaliziba jicho hilo kwa kidole, nikapiga picha. Nikaliachia, nikapiga tena. Picha ni ileile, jicho halikuwa na habari. La tatu nalo ni taa iliyochorewa duara. Kwa hiyo simu ni chongo, ila inatembea na wasindikizaji wawili.

Halafu kuna kile kisiwa. Wenye iPhone wanacho tangu 14 Pro ya 2022, kile kidude cheusi juu ya kioo kinachotanuka simu ikiita. Chao ni kisiwa kweli, kipo pale usiku na mchana, ndani yake kuna kamera na mitambo. Changu ni fungu la mchanga, linaonekana maji yakipwa. Ukichomeka chaja linaibuka, linasema asilimia ngapi, linazama. Mpwa wangu alisubiri dakika kumi aonyeshwe kisiwa, mwisho ikabidi nikaombe umeme kwa jirani muuza chipsi ili mtoto akione.

Nje ya boksi imeandikwa pia 16GB kwa maandishi makubwa kama ya bango la mkutano wa injili. Chini yake, kwa maandishi ya sisimizi, 4+12. Nikamuuliza kijana anayetengeneza simu pale kijiweni. Akanieleza kwamba RAM yenyewe, ile kumbukumbu simu inayofanyia kazi, ni hiyo 4, na hiyo 12 simu inaikopa kwenye nafasi ya kuhifadhia picha, na nafasi hiyo mwendo wake ni wa taratibu. Yaani umealika watu kumi na sita, viti vinne, waliobaki wamepelekwa kwenye mkeka wa nyumba ya pili na chakula kinawafikia kimepoa. Nikifungua WhatsApp huku ramani iko wazi, simu inanyamaza kidogo kama mzee aliyeulizwa umri wake.

Yote hayo ningesamehe. Kitu ambacho mimi kama fundi wa vitasa siwezi kusamehe ni kufuli.

Simu inasema inafunguka kwa uso. Na iPhone inafunguka kwa uso, sawa, lakini ile inakumwagia usoni nukta zaidi ya 30,000 za mwanga usioonekana, inapima bonde la jicho na kilima cha pua, kama vile fundi mzuri anavyochungulia pini moja moja ndani ya kitasa. Ya kwangu inatumia ile kamera ya mbele tu. Inakupiga picha, inalinganisha, ikiona sura inakaribia karibia inakwambia karibu ndani. Siku ya tatu mdogo wangu aliiokota mezani ikafunguka. Tunafanana, sikatai, baba ni mmoja. Lakini yeye ana ndevu mpaka kifuani! Nikaifunga, nikampa tena, ikafunguka tena, na safari hii kwa haraka kuliko inavyofunguka kwangu. Ningemfungia mteja kitasa cha namna hiyo angenirudishia mlango mzima na fremu yake.

Niseme na mazuri yake nisije nikaitwa mchonganishi. Chaji inakaa siku mbili, ingawa kuijaza ni masaa matatu. Inapiga, inapokea, inatuma hela, redio inashika. Kama winga angenipa ile ya 210,000 ningepata hayo yote na ningepanda bodaboda kwa elfu mbili. Shida yangu wala si simu kuwa mbovu. Shida ni kwamba ule unakili wa nje umefaulu kupita kiasi. Nina mapato ya kitochi na matumizi ya macho matatu.

Chukua harusi. Kwenye grupu la WhatsApp la harusi ya kijana wa mtaani niliahidi elfu hamsini, kama kawaida yangu ya miaka yote. Mweka hazina alikuja kibandani kunikumbusha, akaikuta simu imelala kifudifudi kwenye meza karibu na tupa, macho yanamtazama. Jioni naangalia orodha, nimeandikwa laki mbili, kadi ya dabo. Nikampigia. "Aah fundi, usituangushe bwana, watu wa hadhi yako ndio tunawategemea." Hadhi yangu! Mwezi uliopita mtu huyohuyo alinifanyia hesabu ya madeni ya kikoba mbele ya watu.

Wateja nao wamejifunza maneno mapya. Zamani walikuwa wanasema fundi punguza, hali ngumu. Siku hizi wanasema fundi punguza, wewe hela unayo. Kuna mama alinitaka nimbadilishie kitasa cha mbele kwa elfu tatu, kazi ya elfu saba, na wakati wote alikuwa anaongea na simu, si na mimi.

Habari zikafika Kilosa. Sijui zilipanda gari gani. Mama akanipigia saa kumi na mbili asubuhi, hakusalimia vizuri. "Mwanangu, nasikia umenunua simu ya milioni tatu." Nikamwambia mama, shikamoo, si kweli. "Marahaba. Mimi sikulaumu. Jasho ni lako. Mvua tu ndiyo inayonisumbua huku, bati la jikoni lile uliloliona Pasaka, sasa nikipika ugali unakuwa uji." Nikalala na hilo neno uji wiki nzima. Nikatuma elfu themanini ya bati. Hebu ijumlisheni kwenye bei ya simu, maana mimi nimeacha kujumlisha.

Mtasema si useme ukweli. Nimesema! Nimeusema mpaka koo limekauka. Nikisema jamani hii si iPhone, watu wanatazamana, mmoja anasema, "Ndivyo walivyo wenye nazo, wanajishusha." Zamani ningewaonyesha tundu la chaja kama ushahidi, maana iPhone ilikuwa na tundu lake peke yake. Lakini tangu hiyo 15 nayo imehamia USB-C, tundu la simu zetu hizi, shahidi wangu amehama upande. Nikawaonyesha jina la kampuni, nikageuza nyuma kabisa, lipo chini limeandikwa kwa rangi ileile ya mgongo, halisomeki hadi uiinamishe kwenye jua. Jamaa mmoja akaniuliza umeibandika wewe hiyo stika?

Nikaona dawa ni kava. Nikarudi Kariakoo. Kava za iPhone zimejaa mpaka za kumwaga barabarani, nikajaribu moja: urefu sawa, upana sawa, matundu ya macho yamepishana kwa upana wa ukucha, jicho langu moja zima likafunikwa, lile la bandia likabaki linachungulia. Kava za simu yangu yenyewe hazipo. Muuzaji akasema, "Hii watu hawaivalishi kava, wananunua ili ionekane." Mwisho nikapata moja la kufunika lote mbele na nyuma kama pochi, jeusi, zito, la kutoshea simu yoyote, na muuzaji akanikatia tundu la kamera kwa kisu. Moja. Nikamwambia mengine aache. Elfu kumi. Kwa hiyo nimelipa 25,000 watu waone macho, na 10,000 wasiyaone.

Nikarudi nyumbani nimetulia, nikapanda bodaboda kwa elfu mbili, hakuna aliyenitazama. Nikala, nikaiweka simu juu ya kabati ndani ya pochi lake.

Mama Nasra akaacha kufunga maharage kwenye mfuko.

"Baba Nasra, miaka kumi na nne simu zako zinazagaa uchi humu ndani. Leo hii imevishwa koti. Unamficha nani?"

"Simfichi mtu."

"Niione."

Nikasema imefungwa kwa uso wangu, na mimi uso nimechoka. Wala hakubishana. Akaichukua, akamwita Nasra, mwenye pua yangu na paji langu la uso kama niliyemchonga mwenyewe kwa mashine. "Mwanangu, hebu tazama hapa." Simu ikafunguka hata mtoto hajamaliza kupiga miayo.

Akapekua mpaka picha za kuku. Hakukuta kitu, na hilo ndilo likamtia wasiwasi zaidi. Akaniuliza tena, taratibu, safari hii amekaa kitandani kabisa: unamficha nani?

Nikamwambia ukweli, namficha bodaboda.

Kimya.

"Bodaboda," akasema. "Anaitwa nani?"