Ushuhuda Wangu wa Panya Road

Darasa la waongofu wapya lina ushindani ambao hakuna atakayekuambia kabla hujaokoka. Mnakaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya kanisa, mwalimu anasema kila mmoja aeleze Bwana amemtoa wapi, na hapo ndipo unapogundua kwamba wenzako wametolewa mbali. Kwetu alikuwepo kijana aliyekuwa anauza bangi. Alikuwepo mzee aliyekuwa mganga, tena si wa kubahatisha, ana tunguri zake na wateja wanaokuja na magari. Dada mmoja alianza kueleza ya kwake mpaka mwalimu akamwomba aishie hapo, mengine atayamalizia na mama mchungaji.

Zamu yangu ikafika. Mimi nauza mchele na maharage sokoni, hapa Dar es Salaam. Sinywi, sivuti, mke ninaye mmoja na hata huyo mmoja namwogopa. Nikasimama: "Bwana Yesu asifiwe. Mimi nilikuwa mtu wa kawaida tu." Wakaitikia amina ya msibani.

Mwalimu wetu ni mama mtu mzima aliyestaafu kufundisha shule ya msingi, na macho yake bado yanakagua kucha. Akatusomea Warumi 3:23, kwamba wote wamefanya dhambi. Alipofika kwenye "wote" akanitazama mimi. "Mwanangu, nenda kajichunguze. Jumapili uje na kitu."

Nikajichunguza kweli. Usiku nimelala chali, mke anakoroma, mimi naisaka dhambi. Nilizipata nyingi, ila zote zilikuwa za majirani. Baba mwenye nyumba na hesabu zake za umeme. Shemeji yangu na deni ambalo kila mwisho wa mwezi linamfanya aumwe tumbo. Kufika saa tisa usiku nilikuwa nimeshautubia mtaa mzima, mimi mwenyewe nimebaki msafi.

Jumapili tukaitwa mbele ya kanisa zima. Kijana wa bangi akashuhudia, watu wakasimama, kinanda kikapigwa, mama mmoja akamtupia kitenge. Kisha maiki ikaja kwangu. Sijui hata ilitoka wapi, nikasikia tu mdomo wangu unasema, "Ndugu zangu, mimi nilikuwa Panya Road!"

Kanisa likatulia kimya.

Sasa tuelewane. Januari 2015, jioni ile Dar nzima ilipokimbizana kwa habari kwamba Panya Road, yale magenge ya vijana waporaji, wanakuja, mimi nilijifungia stoo, nikalala chini ya magunia ya maharage mpaka mke alipokuja kunigongea. Na waliokuwa wakitajwa ni vijana wadogo, wengine hata ndevu hazijaota. Mimi mwaka ule nilikuwa na kitambi tayari. Lakini nani ana muda wa kupiga hesabu za umri katikati ya upako? Nikashangiliwa, nikaongeza mwendo. Nimevunja milango! Haleluya! Nimebeba televisheni!

"Televisheni gani?"

Sauti ilitoka safu ya tatu. Nilimjua, ni mama lishe anayenunua mchele kwangu.

"Ile... bapa," nikasema.

"Inchi ngapi?"

"Thelathini na mbili." Nilitaja hiyo kwa sababu ndiyo ninayoitamani.

Mama akashika kichwa. "Ni yangu hiyo!"

Baada ya ibada nikakalishwa kwenye ofisi ya kanisa. Mama yupo, wanawe wawili wenye vifua wapo, na mzee wa kanisa ambaye, kwa bahati yangu, ni askari mstaafu. Alitoa kalamu. "Mlikuwa wangapi? Kiongozi wenu nani? Gari ya nani?" Nikapima njia zote mbili. Nikisema nilidanganya, nimedanganya madhabahuni mbele ya watoto wa Sunday School. Nikikubali, kituo cha polisi hakiko mbali. Nikaona heri nilipe televisheni ya mtu ambayo sijawahi hata kuiona. Tukakubaliana sado 30 za mchele wa Kyela, kwa awamu. (Mchele wangu wa Kyela haujawahi kufika Kyela, lakini wakati huo nililichukulia kuwa ni jina la biashara tu.)

Jumatatu mama akaja na sado yake mwenyewe ya kubebea. Nikampimia kwa yangu, kwa ukarimu wa mtu aliyeokoka: nikajaza, nikaweka kilima juu, nikasindikiza na kiganja cha nyongeza. Akamimina kwenye ya kwake. Mchele ukaishia vidole vinne chini ya mdomo.

Tukautazama wote wawili. Kisha akaichukua sado yangu, akaipindua. Kule chini palikuwa na shimo ambalo bakuli la mboga lingekaa bila kuyumba.

Kwa asiyelijua soko: sado ni kile kindoo cha rangi cha lita 4. Kitako unakipasha moto, kikilainika unakisukuma kiingie ndani kwa chupa ya soda, kikipoa kinabaki hivyo hivyo. Mteja anaangalia kilima cha juu, anashukuru, anaondoka. Alinifundisha mjomba wangu, mtu aliyekuwa hafungui biashara bila kusali. Kwetu kitu kile hakikuwahi kuitwa dhambi, kiliitwa faida. Watu wa Wakala wa Vipimo wakisikika wanapita, sado naisukumia chini ya meza, natoa mizani naipangusa vumbi. Halafu mtu huyo huyo, usiku, amelala chali anashangaa dhambi zake haziko wapi!

"Kaka," mama akasema, "wewe hukuwa Panya Road."

"Sikuwa, mama."

"Najua. Waliochukua televisheni walikuja mara moja wakaenda zao. Wewe nakufuata mwenyewe kila wiki, na hela nakuletea mkononi."

Wateja wawili waliokuwa nyuma yake wakaanza kupindua sado za meza ya jirani. Jirani mpaka leo hatusalimiani.

Habari ilitangulia kufika darasani. Mwalimu alikuwa ameshafungua Mithali 11:1, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA," na alisoma akinionyesha sado yangu, ambayo mama alikuwa ameipeleka kama kielelezo. Yule mganga mstaafu aliishika, akakipapasa kitako, akaniangalia kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata kwake. Kijana wa bangi akasema amina nzito. Hatimaye nilikuwa na ushuhuda.

Kisha mwalimu akaenda Luka 19, kwa Zakayo. "Alisema atarudisha mara ngapi?"

"Mara nne," darasa likajibu, kwa furaha niliyoiona imezidi.

Mlangoni mama alikuwa ameketi na daftari mapajani. Mama lishe huandika kila kitu: tarehe, mchele, mafuta, mkaa. Alikuwa anafungua kurasa kurudi nyuma, taratibu, akilowesha kidole.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hizo mara nne zinapimwa kwa sado yangu au ya mama?"

Mama ndiye aliyejibu, bila kuinua macho. "Yangu. Na kilima juu."