Dawa ya homa ya ini C imfuate teja pale pale anapokunywa methadoni

Mdogo wangu (ni mtoto wa mama mdogo, lakini kwetu huyo ni mdogo wangu kabisa) alikuwa anabeba magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, kijana ana nguvu huyo, afu unga (heroini) ukamchukua, akaanza kwa kuvuta, baadae sindano. Sasa hivi yuko kwenye methadoni, ile dawa ya kunywa inayomtuliza ili asirudi kwenye heroini. Kila asubuhi, iwe jumapili iwe Idi iwe Krismasi, anapanga foleni dirishani, anapewa kikombe kidogo anakunywa mbele ya nesi, anaongea maneno mawili matatu ili ionekane kameza kweli, anaondoka. Tangu aanze hajakosa hata siku moja. Naomba hilo mlishike.

Mwaka jana walipita watu wa kupima kijiweni kwao. Tone la damu kidoleni, kile kipimo kama cha malaria, kusubiri kidogo, mistari miwili. Homa ya ini C. Akapewa kikaratasi aende hospitali kubwa kwa kipimo cha pili, maana hicho cha kwanza kinaonyesha tu kwamba mwili ulishakutana na kirusi, hakisemi kama bado kimo, na wapo watu, kama 3 kati ya 10, ambao mwili unakifukuza wenyewe bila dawa.

Nikamsindikiza. Siku ya kwanza tukaambiwa kadi, siku ya pili daktari wa ini anakuja jumatano tu, jumatano hela ya kipimo haikutosha, mara ya nne mlinzi getini akamwangalia mikono yake ile yenye makovu akamwuliza unakuja kuiba nini humu. Na alikuwa ameshamwamkia, shikamoo mzee, kwa adabu kabisa, haikuitikiwa. Akanigeukia, "kaka twende zetu tu." Hajarudi tena mpaka leo.

Watu wanasema mateja hawafuati matibabu. Jamani, mtu anayefika dirisha moja siku 365 kwa mwaka ndo hafuati matibabu? Dawa za homa ya ini C siku hizi ni vidonge, sofosbuvir na daclatasvir, kwa kawaida wiki 12, na wanaopona kabisa ni zaidi ya 95 kati ya 100. Sio kupunguza makali kama ARV, ni kupona, kirusi kinaisha mwilini. Sasa kama nesi yule yule anampa kikombe kila asubuhi, anashindwaje kumpa na kidonge hapo hapo, siku 84 tu, imeisha hiyo! Kipimo cha pili nacho kinafanyika kwenye mashine ya GeneXpert, ile ile wanayopimia makohozi ya TB, ambazo zimeshasambaa nchini. Na Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linasema wazi kupima na kutibu kusogezwe karibu na watu, kwenye vituo vya afya vya kawaida, magerezani, kwenye huduma za watumiaji wa dawa za kulevya, na daktari wa kawaida au nesi aliyefundishwa anatosha. Wenzetu Kenya wameshatibu watu wanaojidunga, tena kwenye kliniki za methadoni.

Kuna wanaouliza si atajidunga tena aupate upya? Inawezekana ndio, kupona hakuleti kinga na chanjo ya C haipo. Ndo maana ukimtibu yeye peke yake ukawaacha wenzake wanne anaokaa nao maskani hujafanya kitu, watibuni wote pamoja na sindano safi ziwepo, kwa sababu kirusi hiki kinaweza kukaa hai ndani ya bomba la sindano kwa wiki kadhaa, na hata kile kifuniko cha kuchemshia na pamba wanavyochangia vinapitisha.

Na sisi wa Ziwa tusijione hayatuhusu. Kichocho tunakijua wote huku. Misri miaka ya 1950 mpaka 80 walichoma watu sindano za kutibu kichocho, sindano hazikusafishwa vizuri, homa ya ini C ikaenea kwa wakulima wa watu ambao unga hata hawajawahi kuuona. Baadae serikali yao ikaamua, ikapima nchi nzima, ikatibu zaidi ya watu milioni 4. Kule kupima hakukuanza na kumuuliza mtu tabia yake. Mtu wa maskani Mabatini naye damu yake ni damu.

Mi nimeshaona mwisho wa ini lililoachwa. Jirani yetu tumbo lilijaa maji mpaka shati halifungiki vifungo, macho njano, miguu ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na ndugu wakawa wanazunguka kwa waganga wakijua karogwa. Sijui kama yake ilikuwa C, hakuna aliyempima.

Cha mdogo wangu kile kikaratasi kipo, mama kakikunja kakiweka kwenye Biblia. Juzi nikamuuliza, wakikupimia pale pale dirishani utakubali? Akasema, "kaka, pale si nipo kila siku."