Tufume Kitu Chenye Kazi

Kuna zawadi za kufuma ambazo safari yake ni fupi. Siku ya kwenda kumwona mzazi zinatolewa kwenye mfuko, zinasifiwa, zinapigwa picha, kisha zinakunjwa na kuingia kabatini. Mtoto anakua, anaanza kutembea, sweta lake la maua bado limekunjwa vilevile. Nimefuma za namna hiyo nyingi, na najua saa zilizoingia humo. Ndiyo maana nasema kwa moyo wote: sisi tunaofuma, tufume kitu chenye kazi.

Sidharau urembo. Vile vitambaa vya makochi vya mama yangu, vya uzi mweupe na ua katikati, vijana wa sasa wanaviita ushamba. Lakini aliyewahi kuishi Chang'ombe ya hapa Dodoma wakati wa kiangazi analijua vumbi letu. Linaingia hata kwenye chumvi. Na mchana kutwa wageni wanaegemeza vichwa vilivyopakwa mafuta. Kitambaa ndicho kilichobeba uchafu wote huo. Jumamosi mama alivikusanya, akaviloweka, akavianika, na makochi yale yalikaa miaka na miaka bila doa. Vilikuwa vizuri, tena vilikuwa kazini kila siku.

Mama alijifunza kufuma shuleni, enzi za somo la sayansi kimu. Sisi wanawe tulianza na spoku za baiskeli. Fundi wa mtaani alitupa zilizokatika, tukazinoa kwenye saruji ya baraza mpaka ncha zikawa laini, tukafumua sweta kuukuu tupate uzi. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunjakunja kama nywele zilizotoka kusukwa. Mama aliuzungushia kwenye mgongo wa kiti, akaulowesha, akauacha ukauke umenyooka. Mpaka leo nikifumua kitu nafanya vivyo hivyo.

Kabla ya rangi na kabla ya mchoro, ujue uzi wako. Uzi unaopatikana kwa urahisi madukani ni wa akriliki. Ni wa bei nafuu, haurudi ukifuliwa, na kwa shali ya bibi unatosha kabisa. Lakini haunywi jasho, na haupatani na moto. Dada yangu aliwahi kuipiga pasi ya mkaa kofia niliyomfumia mwanawe. Ikalala, ikateleza kama nailoni, na haikuvutika tena. Sasa fikiria uzi huohuo umefumwa kishikio cha sufuria! Mkono unaungua huku mwenyewe ukijua umejikinga. Vishikio ni pamba tu, tena ifumwe maradufu. Sufu ya kondoo ina joto zuri sana, ila ukiitumbukiza kwenye maji ya moto na kuisugua inarudi na kukakamaa, na hapo hakuna wa kuinyoosha.

Lililonifundisha zaidi ni kofia moja ya mtoto njiti.

Wifi yangu alijifungua kabla ya siku zake, mwezi wa Julai, mtoto wa kilo 1.7. Wanaokuja Dodoma mara ya kwanza hujiandaa kwa jua, na jua lipo, lakini kipupwe nacho kipo. Usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 14, na upepo unapenya hata pale dirisha lilipofungwa. Wauguzi walimfundisha wifi kumbeba mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, ile njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Mtoto anakaa ndani ya kanga akiwa na nepi, soksi na kofia. Kofia ni lazima, kwa sababu kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, na joto jingi hupotelea hapo.

Tukaambiwa tulete kofia. Kaka yangu alizunguka maduka jioni nzima, akarudi na tatu, nzuri, moja ina masikio ya sungura. Zote zilimfunika mtoto mpaka mdomoni.

Nikamwomba wifi anipimie kichwa kwa kipande cha uzi. Sentimita 29. Kofia inatakiwa ipungue kidogo kuliko kichwa ili ishike, kwa hiyo nikalenga 27. Uzi wangu wa pamba kwenye sindano za milimita 4 unanipa vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Nikapiga hesabu, nikaanza na vitanzi 60. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, shuka mabegani: vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, kwa mistari sita ili ukingo uvutike, kisha nikaenda moja kwa moja mpaka sentimita 9, kisha nikapunguza taratibu na kuukaza uzi juu kama mdomo wa mfuko. Sikuweka kifungo, maana kikichomoka kinaishia kinywani. Sikuweka utepe wa kufunga shingoni. Sikuweka nakshi ya matundu, maana kidole cha mtoto yule kingepita popote na uzi ungekizonga. Alfajiri nikaifua kwa sabuni, nikaitundika, na upepo uleule niliokuwa nikiulalamikia usiku kucha ukaikausha kabla ya saa tatu.

Iliingia kichwani kama imezaliwa naye. Muuguzi aliigusa pembeni kwa kidole kimoja, akaona imeshika, akaendelea na kazi yake. Hakuna sifa niliyowahi kupewa kwa sweta lolote la maua iliyonifikia moyoni kama kidole kile.

Wapo wanaosema siku hizi mrushie mzazi hela kwenye simu, atanunua anachotaka. Tuma, hela haina ubaya, na mzazi ana mengi ya kununua. Lakini hela tulikuwa nayo jioni ile, na kofia ya sentimita 27 haikuwepo katika duka lolote tulilofika. Hapo ndipo anayefuma ana nafasi ambayo kiwanda hakina: anaweza kukaa na kipimo cha mtu mmoja.

Kwa hiyo naomba tuulize kwanza. Muulize bibi ni miguu au mabega yanayompa shida usiku. Huenda unamwandalia shali mwenzako anahitaji soksi. Tazama jikoni kwa shemeji wanashikia sufuria na nini. Kama ni pindo la kanga, umeshajua cha kufuma. Vitu vidogo vinamalizika, vinafulika, vinachakaa kwa kutumika, na vikichakaa unafuma vingine. Blanketi kubwa la kitanda ninaliheshimu, lakini nimeona mengi yamekwama robo, yamelala kwenye mfuko wa salfeti chini ya kitanda.

Na kwa wenye ndugu waliojifungua njiti: mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, na akina mama hao walioajiriwa wakaongezewa likizo ya uzazi. Nililifurahia sana jambo hilo. Siku nyingi za mwanzo za likizo hiyo mama anazikaa na mtoto kifuani, mikono yake haina nafasi ya sindano. Yetu inayo. Kofia moja ya pamba ni kazi ya usiku mmoja, na soksi zake ni usiku wa pili.

Asubuhi ile nilikuwa nimeshakunja uzi wangu ili niondoke. Mama mmoja wa wodi ileile akatoka mlangoni polepole, mtoto kifuani, kanga imefungwa hadi mabegani. Hatukuwa tunafahamiana. Alinyoosha mkono akanipa kipande cha uzi kilichofungwa fundo huku na huku.

"Dada, na wangu," akasema.

Nikakinyoosha kwenye futi yangu. Sentimita 28. Nikakaa tena kwenye benchi.