Mwarobaini kwenye sahani, mwarobaini kwenye damu

Mwarobaini umepewa jina kwa maradhi arobaini unayosemwa kuyatibu. Wengi wetu tumeogeshwa maji ya majani yake upele ulipotutoka, yale maji ya kijani ambayo ukijisahau ukalamba midomo, uchungu wake hauondoki upesi. Siku hizi majani hayohayo yanauzwa yakiwa unga kwenye vikopo, na muuzaji anakuhakikishia kwamba yanamaliza "U.T.I. sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyokubali dawa, tena yamethibitishwa maabara. Nusu ya maneno yake ni kweli.

Huko maabara majani hukaushwa kivulini, husagwa na kulowekwa kwenye methanoli au ethanoli, ambazo ni aina za alkoholi. Kinachochujwa hukaushwa hadi ubaki utomvu mzito unaonata. Bakteria nao hupandwa kwenye sahani yenye chakula kilichoganda kama jeli, juu yake kikawekwa kikaratasi kilicholoweshwa dawa hiyo, na sahani ikalazwa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37. Asubuhi utando wa bakteria umetanda kote isipokuwa pembezoni mwa kikaratasi, penye duara safi linalopimwa kwa rula. Kwa mwarobaini na mpera duara hilo limeonekana mara nyingi, hasa kwa *Staphylococcus aureus*, bakteria wa majipu. *E. coli*, anayesababisha U.T.I. nyingi, kwa kawaida ni mgumu zaidi, maana ana utando wa ziada kwa nje unaozuia vitu vingi kupenya.

Sasa tupige hesabu. Tuseme bakteria wanakufa dawa ikifika miligramu 5 kwa kila mililita. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Ili damu yake ifikie kiwango hicho zinahitajika gramu 25 za utomvu, na kama utomvu ni sehemu ya kumi ya majani, hiyo ni robo kilo ya majani makavu, yote yaingie damuni bila ini kugusa kitu. Kijiko kimoja cha unga kwenye uji hakikaribii hapo. Isitoshe, nyumbani tunachemsha kwa maji, wakati maabara ilitumia methanoli, ambayo hutoa viambato ambavyo maji huviacha. Wala tusiongeze dozi kwa kubahatisha: mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwasababishia degedege watoto wadogo walionyweshwa.

Lakini siungani na wanaodharau miti shamba. Kiambato kikuu cha dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati kimetokana na majani. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alisoma maandishi ya kale ya tiba, akagundua kuwa moto unaharibu dawa iliyomo kwenye mmea wa pakanga, akaitoa kwa kimiminika kiitwacho etha bila joto kali. Artemisinini ikapatikana mwaka 1972, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani halishauri kunywa chai ya majani hayo kutibu malaria, kwa sababu kiasi cha dawa hubadilika kikombe hadi kikombe, na dozi pungufu huwafundisha vimelea usugu.

Usugu huo ndio unaonifanya nitake majani yetu yachunguzwe kwa bidii zaidi. Mwaka 2019 bakteria sugu waliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.27 duniani. Ningeanzia kwenye ngozi na kinywa, kwenye vidonda, chunusi, fizi. Huko dawa inamgusa bakteria bila kupitia damuni, na kiwango cha kwenye sahani kinaweza kufikiwa kweli.

Dada aliyeambiwa ana U.T.I. sugu, aliyekwisha kumaliza vikopo vitatu, anahitaji sahani ileile, ila ya hospitali. Aombe mkojo wake uoteshwe. Bakteria wake mwenyewe watawekewa vikaratasi vya antibayotiki mbalimbali, na asubuhi daktari ataona ni kipi kimezungukwa na duara safi.