Mawinguni na Watoto Kiti cha Nyuma

Rubani mwenye leseni binafsi na kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma mitambo ya ndege bila kuona nje, anaruhusiwa kisheria kuipakia familia yake kwenye ndege ya injini moja na kuingia nayo mawinguni. Wanaopinga wana hoja nzito, ila naona wengi wao wanaogopa kisicho hatari yenyewe.

Hoja yao inaanzia sikioni. Ndani ya wingu upeo wa macho hauonekani, na sikio la ndani halihisi ndege inapolala upande polepole. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois wa mwaka 1954 uliwapima watu 20 wasio na mafunzo ya vyombo: wote walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani wa sekunde 178. John F. Kennedy Jr. naye, mwana wa rais wa Marekani, aliyeanguka baharini mwaka 1999 akirusha ndege mwenyewe, akiwa na mkewe na shemeji yake, usiku wenye utusitusi, alikuwa hajamaliza mafunzo hayo.

Lakini hao hawakuwa wamefuzu. Mkasa unaonisumbua zaidi ni wa helikopta iliyomuua mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant na bintiye mwaka 2020. Rubani wake alikuwa na kibali cha vyombo, ila siku hiyo aliruka kwa kutegemea macho, akijipenyeza chini ya mawingu kati ya vilima, hadi wingu likammeza. Wachunguzi walisema alipoteza mwelekeo. Aliyewasilisha mpango wa kuruka kwa vyombo kabla ya kupaa hupewa kimo kinachovuka vilima, na macho yake yako kwenye vyombo tangu mwanzo. Kulikwepa wingu kwa kupita chini yake ndiko kunakoua.

Hata hivyo, kibali hakimaanishi umahiri. Marekani, rubani anatakiwa awe amefanya, pamoja na mengine, mikaribio 6 ya kutua kwa vyombo ndani ya miezi 6. Sheria inaridhika, mimi siridhiki, si kwa mtu aliye peke yake na redio, chati (ramani za urubani) na mtoto anayetapika. Otopailoti, mtambo unaoirusha ndege wenyewe, humpunguzia kazi, mradi aweze kurusha ndege siku mtambo huo unapozima. Kuhusu barafu na mawingu ya radi sioni mjadala, asiende: ndege ndogo nyingi hazina kinga ya barafu.

Kwa hiyo wingu jembamba, joto juu ya nyuzi 0, anga wazi futi 2,000 chini yake na mafuta ya kufika uwanja mwingine: aende na familia. Wingu likishuka hadi futi 200 juu ya uwanja, abaki, hata kama chati inamruhusu kujaribu kutua. Ugumu ni kwamba familia ina harusi ya kuwahi na shule Jumatatu, na shinikizo hilo humfuata rubani hadi kwenye usukani. Bora waambiwe kabla ya kufunga mizigo kwamba huenda wakalala njiani, na tarehe ya kurudi isiahidiwe kwa mtu yeyote.